Vyuma vya Bibi Kidogo

Alinyanyua mara chache, akakishusha chuma taratibu kama anayelaza mtoto aliyesinzia, akafuta mikono, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jimu nzima ikaangua kicheko.

"Bibi Kidogo ameshamaliza!" alipaza sauti kijana mmoja mwenye kifua cha kabati, ambaye wenzake walimwita Trekta. "Mleteeni machela jamani, asije akazirai!"

Bibi Kidogo alikuwa mshonaji nguo, mwembamba, mwenye umri wa kuitwa mama na karibu wote waliomcheka. Alikuja mara mbili tu kwa wiki. Alichuchumaa na chuma mabegani, akanyanyua kingine kutoka sakafuni, basi. Wenzake walishinda pale mchana kutwa, nusu ya muda wakinyanyua vyuma, nusu wakijitazama kwenye kioo. Yeye kioo alikipa mgongo.

Kocha, mzee asiyependa maneno mengi, ndiye aliyempangia. Fanya kidogo, lakini kidogo hicho kiwe kizito cha kweli. Pumzika. Ukirudi, ongeza kisahani chembamba cha chuma. Misuli ikichoka, vumilia. Kiungo kikiuma, acha.

"Ukiumia wewe," alimwambia siku moja, "kwako kutakuwaje?"

Mshonaji alichukua mkoba wake. Alijua kutakuwaje.

Alipofika nyumbani, ghorofa ya tatu, mumewe alikuwa amelala chali, redio kifuani.

"Umerudi? Hata jasho huna! Ulikwenda kunyanyua vyuma au kuvipangusa vumbi?"

Alimpa chai. Mume akaionja, akakunja uso.

"Chai yenyewe kama mazoezi yako. Haina nguvu."

Mume huyo alijulikana kama Nondo, na jina hilo bado lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa jimu ileile, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuufikia uzito aliounyanyua. Hakuna aliyeyafikia majivuno yake pia. Siku ya mwisho Kocha alimwambia apunguze, yeye akaongeza. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale. Marafiki waliokuja kumshika mkono aliwatukana mmoja mmoja mpaka wakausahau mlango wake. Nondo hashikwi mkono, alisema. Kilichobaki kikamwangukia mkewe: kufua, kupika, na kuusikiliza mdomo ule usio na likizo.

Dada mkubwa wa mshonaji alikuja kumtembelea, akamkuta kwenye cherehani, na sauti ya Nondo ikiunguruma kutoka chumbani kwamba mto umekaa vibaya.

"Mimi ningekuwa wewe, ningeshaondoka zamani," dada alinong'ona. "Unamtumikia kama mfalme, shukrani yake matusi. Mdogo wangu, umeolewa au umeajiriwa?"

"Ngoja, dada. Siku nitakayoweza kunyanyua kilo zake, namtoa nje ya nyumba hii."

Dada akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamtazama mdogo wake usoni, akaacha kucheka.

"Na ngazi zote zile?"

"Ngazi ndizo zinazonichelewesha."

Wiki hiyo Trekta alipakia vyuma mpaka nondo ya kushikia ikapinda, akawaita wenzake wamtazame, akavuta kwa mgongo uliojikunja kama wa paka aliyekasirika. Alitoka mkono ukining'inia kama wa shati lililoanikwa. Machela iliyokuwa ikitajwa kila siku ikapata kazi.

Ungefikiri mshonaji alijifunza. Wapi! Hasira za nyumbani zilimpanda kichwani, naye akaongeza visahani kwa pupa. Kiuno kikamchoma kama sindano. Kocha hakumgombeza. Alivitoa vile visahani, akatoa na vingine juu yake.

"Anza huku chini."

"Nitachelewa, Kocha."

"Aliyekuwa na haraka kuliko wote wewe unamjua."

Nondo alipomwona anatembea akijishika kiuno, alifurahi kama aliyeshinda kesi.

"Nilisema! Sindano ndiyo saizi yako. Hicho kingine waachie wenyewe."

Kiuno kilipopona mshonaji akarudi kwenye vyuma vyepesi, akawaacha watu wacheke, akapanda tena kisahani kwa kisahani. Mvua zikaja, zikaisha. Kicheko cha jimu kikapungua, kisha kikanyamaza, maana alichokuwa akikinyanyua sasa wachekaji wenyewe walikikwepa.

Asubuhi moja ya jua kali, dada alipanda zile ngazi kwa kuitwa. Mshonaji aliingia chumbani na shati safi la mumewe, lililopigwa pasi.

"Vaa. Leo unatoka."

Nondo alilitazama shati, akamtazama mkewe, akacheka puani.

"Nani wa kunitoa? Wewe? Kwa vile vyuma vyako vya kitoto?"

"Mimi."

"Huniwezi."

Dada akafungua mlango mpaka mwisho, akaubana kwa kiti. Majirani, waliokuwa wamechoshwa na mdomo wa Nondo miaka mingi, wakatoa vichwa milangoni wasipitwe na uhondo. Mmoja alisema afadhali. Mwingine akasema amechelewa.

Mshonaji akampa mumewe mgongo, akachuchumaa ukingoni mwa kitanda, akaivuta mikono ya Nondo mabegani mwake, akaikusanya ile miguu yake miwili iliyokufa, akasimama naye.

"Kwa mwendo huu," Nondo alinung'unika shingoni mwa mkewe walipoianza ngazi ya kwanza, akimkumbatia kwa nguvu zake zote, "mpaka tufike chini, hilo jua nililolikosa miaka yote litakuwa limeshazama."