Mlango wa Kumpita Subira

"Nifanyie kama wa Subira, lakini uupite," Mwanakheri alimwambia seremala. Subira alikuwa mke mwenzake, akikaa ng'ambo ya kichochoro, na mlango wake wa kijani ulimkera Mwanakheri kila alipotoka kumwaga maji.

"Na nakshi je?"

"Jaza mpaka pasibaki pa kuweka kidole. Rangi iwe nyekundu, aione hata akifumba macho!"

Mlango uliwekwa siku ya zamu yake ya kulaliwa na mume. Jioni mume wao, Mzee Badi, alifika, akasimama, akavua kofia. "Hodi wenyewe!" akaita, akangoja kukaribishwa. Mwanakheri alivimba kwa fahari.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Subira. Mwanakheri alisimama kizingitini kuchungulia. Mzee Badi alipita na kikapu cha samaki, akautazama mlango mwekundu, akasema, "Mashallah," akavuka kichochoro. Kwa Subira hakupiga hodi. Aliusukuma ule wa kijani kwa bega, huku akivua viatu, akaingia akilalamikia njaa.

Mwanakheri aliushika mlango wake aufunge. Alipoutoa mkono, kiganja kizima kilikuwa chekundu kwa rangi ambayo haijakauka.