Nyati wa Petang

Mpini wa ufagio uligonga ukuta mara tatu. Petang akaiweka tromboni midomoni na kupuliza kwa nguvu zaidi.

"We Petang!" Maestro Teryo alifoka kutoka nyumba ya pili. Ukuta wao ulikuwa mmoja. "Hata jogoo wangu wamekuchoka!"

"Watie pamba masikioni, Maestro!"

Miaka kumi na mmoja ilikuwa hivyohivyo, kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Kwanza alipasha midomo moto kwa noti ndefu za chini, mojamoja, mpaka pumzi imwishie. Kisha alipanda na kushuka kwa midomo tu, mkono umetulia. Mwisho alilisukuma lile bomba la kuvuta mpaka mkono ukanyooka, akalirudisha taratibu bila kukata sauti, na ukatoka mlio mmoja mrefu uliopanda kutoka tumboni hadi puani. Maestro aliuita nyati wa Petang. "Nyati kapanda ngazi," alizoea kusema na kahawa yake mkononi, na mtaa mzima ukajua kumekucha.

Baba yake Petang alikalia kiti cha kwanza cha tromboni katika bendi ya mji kwa miaka thelathini, na bendi hiyohiyo ikamsindikiza makaburini. Petang alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote duniani. Maestro, kiongozi wa bendi, alishamkatalia mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa mbele ya kanisa, watu wanasikia.

"Mimi nikiwa hai, hukikalii," alisema. "Wewe kakaange ndizi zako."

Ndizi za sukari alikuwa akizikaanga kweli, pale uwanjani mbele ya kanisa, akiziuza, na hakuona haya.

"Basi Mungu akupe maisha marefu, Maestro," alimjibu. "Nataka unione nimekaa."

Mwaka huu mambo yaligeuka kidogo. Watu walichoka kuona viti vya bendi vikigawiwa kindugu, na padri akatoa amri kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa mji: wanaojaribiwa wapige nyuma ya pazia, wapewe namba, wasitamke neno, na viatu wavue. Waamuzi wangekuwa watatu: padri mwenyewe, mwalimu wa muziki wa shule, na Maestro. Waliojiandikisha walikuwa wawili tu, Petang na Odel, mpwa wa Maestro, mtu mzima wa miaka ishirini na sita aliyekuwa bado anakaa kwa mjomba wake.

Pazia halikumnyima Maestro usingizi. Petang alimsikia kupitia ukutani.

"Pazia linaziba macho. Masikio yangu nani atayaziba? Yule akipuliza noti ya kwanza tu, nimeshamjua."

"Sasa mimi, mjomba, midomo niipasheje?"

"Kupasha ni mambo ya vikongwe! Mpigaji wa kweli anakaa, anapiga, basi."

Lakini kila Maestro alipotoka kwenda kulisha jogoo wake wa mapambano, upande wa pili kulisikika tromboni iliyobabaika, ikijaribu hiki na kile. Petang aliisikiliza wiki nzima, kikombe mkononi. Kisha akaanza kupasha mara mbili kila asubuhi, na mara ya pili alikwenda polepole sana.

"Kulikoni?" Maestro alilalamika siku moja mlangoni. "Siku hizi huyo nyati anapanda mara mbili?"

"Nisije nikasahaulika, Maestro."

Siku ya majaribio ukuta ulikuwa kimya. Petang aliwahi uwanjani na karai lake, akageuza ndizi huku akivumisha midomo kama nyuki, mpaka wateja wakamcheka. Maestro alipopita alimtazama kwa furaha isiyojificha.

"Leo umeufyata, eh?"

Petang aligeuza ndizi nyingine.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mashuka yaliyoshonwa pamoja yalining'inia katikati, na padri akaita namba moja.

Zikaja noti ndefu za chini, mojamoja. Kukaja kule kupanda na kushuka. Kisha, taratibu, bila haya, nyati akapanda ngazi yote mpaka juu. Maestro aliuma midomo asicheke. Wimbo wenyewe hakuusikiliza sana. Aliandika neno moja kwenye karatasi yake na kuikunja.

Namba mbili hakupasha chochote. Alikaa, akapiga. Alipiga wimbo wa maandamano ya sikukuu, kisha ule wimbo wa kuzikia, na ukumbi ukanyamaza kiasi kwamba feni zilisikika. Macho ya Maestro yalilowa, na wala hakuyafuta.

"Damu haipotei," alimnong'oneza mwalimu. "Hiyo ni damu yetu."

Padri alimchagua namba moja, kwa kuwa amejiandaa. Mwalimu akamchagua namba mbili. Ikabaki kura ya Maestro, naye hakutaka kuitoa akiwa amekaa. Alisimama na kunyakua kipaza sauti.

"Namba mbili! Tena naapa mbele ya mtakatifu wetu, uamuzi huu haubadiliki, hata mtu agaegae chini. Kiti ni chake mpaka afe. Na namba moja arudi kwenye karai lake!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko, na mashuka yakavutwa.

"Karai gani, mjomba?" aliuliza Odel, pekupeku, namba moja kifuani. Nyuma yake Petang, sukari ingali kwenye aproni, hakungoja kukaribishwa, alikuwa ameshakaa kitini.