Kibao cha Rukaya

Mpambaji wa serikali alikuja siku ya arobaini, kama anavyokwenda kwa kila aliyefiwa. Alinifunga mkanda mkononi, akanishikisha vitu vya nyumbani kimoja kimoja. Moyo wangu ukienda mbio mkanda unalia, na kitu hicho kinabebwa.

"Nyumba isiyokuumiza ndiyo dawa, mama," alisema, kwa upole uliotaka kofi.

Yakaenda madaftari ya mwanangu Rukaya, kanga zake, hata sufuria yake ya uji. Nikaletewa mapazia ya kijani, mito laini na taa ya rangi ya asali.

Kibao cha mbuzi nilikikumbatia. Ndicho alichokalia kila Ijumaa akikuna nazi na kunipa umbeya wa majirani. Mpambaji akanipa miezi mitatu: mkanda ukinyamaza, kitabaki.

Nikaanza mazoezi. Kila alasiri nilikiweka mbele yangu na kukitazama. Mwanzoni nililia mpaka nikatapika. Baadaye nikalia kidogo. Mwishowe nikawa nakitazama huku nikiwaza mboga ya jioni.

Aliporudi, mkanda ulikaa kimya.

"Hongera, mama. Umepona. Kaa nacho."

Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikafunga, nikaja kukikalia kibao changu. Nikaita, "Rukaya." Nikaita tena, kwa sauti, nikingoja kifua kinibane.

Kilikuwa kibao cha kukunia nazi tu, na meno yake yalikuwa yameanza kushika kutu.