Kikombe cha Maji

Bi Mwanahawa alikwenda shuleni kumtoa binti yake kwenye mafunzo ya roboti, maana kazi za nyumbani zilikuwa zikimsubiri. Alimkuta Riziki sakafuni, pamoja na wanafunzi wa sekondari waliojitolea kuwafundisha watoto wa mtaa.

"Shikamoo, mama," alisema mmoja wao, Zawena. "Kabla hamjaondoka, tazama alichounda Riziki."

Kigari chenye mkono wa waya kilijongea mezani, kikanyanyua kikombe cha maji, kikamsogezea Bi Mwanahawa bila kumwaga hata tone.

"Nani anakiendesha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, mama," alijibu Riziki. "Nilikiandikia maagizo asubuhi."

Bi Mwanahawa alimkodolea macho binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kisha akaketi, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.