Boila Likipumua

Boila la mvuke pale kwa dobi lilipumua, fuuu, na yule mpiga pasi akajikuta tena chini ya meza, uso ukutani, vidole masikioni.

Hakukumbuka hata kuinama. Alipotoa vidole ndipo aliposikia kicheko. Kicheko cha chumba kile kila mara kilichelewa, kama mgeni aliyepotea njia.

"Panya katoka," alisema shoga yake wa meza ya pili, huku akihema.

Boila la zamani lilipasuka, likaondoka na roho za wenzao. Tajiri wao, aliyeambiwa mpaka watu wakachoka kwamba valvu ya kupunguza mvuke imekufa, alisimama msibani akasema ni mapenzi ya Mungu. Kisha akanunua jipya, akapaka kuta rangi, akadhani amepaka na vichwa vya watu. Na kweli, wote walirudi kufua na kupiga pasi kana kwamba hapakuwa na kitu. Hilo ndilo lililomla mpiga pasi: chumba kizima, mwoga ni yeye tu.

Mnyapara akaja, akijipangusa vumbi magotini.

"Dada, hapa ni kazini, si shimoni. Kesho ukitambaa tena, kaa huko huko kwako."

Jioni binti yake alimuuliza mbona gauni limechakaa magotini. Akajibu ni kwa kusali. Sasa hata Mungu kamsingizia.

Alikuwa na dawa moja tu, ya muuguzi wa zahanati: "Hofu ikikujia, usiikimbie, mama. Shika kitu. Taja unachokiona, kimoja kimoja."

Kesho yake boila likapumua. Mvuke ukameza kila sauti. Mikono ikaung'ang'ania ukingo wa meza, macho yakaganda hapo hapo mbele yake.

"Shuka," alinong'ona. "Pasi. Kifungo. Kovu la mkono wangu."

Jasho lilimshuka mpaka visiginoni. Akarudia: shuka, pasi, kifungo, kovu. Hakuinama.

Mvuke ukaisha. Akainua uso, tayari kwa kicheko.

Hapakuwa na mtu. Meza zilikuwa tupu kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye meza ya pili pasi iliyoachwa juu ya shuka ilikuwa imeanza kuunguza.

"Dada," sauti ya mnyapara ilitoka chini ya meza ya mwisho, nyembamba kama ya mtoto. "Limenyamaza?"