Kwandu Aiona Bahari

Kwandu alilamba chumvi ya bahari midomoni, akacheka. Tangu Bariadi kwa basi, Dodoma kwa treni, na sasa kwenye boti ya Unguja, mwanawe alikuwa amembeba kama yai.

Simu ya Kwandu ikaita. Alikuwa jirani wa kijijini.

"Mayu, mama yangu, kuna trekta linalima shamba lako. Limeshapita juu ya kaburi la mzee. Wanasema mwanao amewauzia."

Kwandu alishika chuma cha boti mpaka vidole vikafa ganzi. Wajukuu walikuwa wakishangilia pomboo.

"Mayu, tabasamu basi, tupige picha!" mwanawe alisema.

Kwandu alimwendea, akamwekea simu sikioni.

"Sikiliza," alisema. "Wanamlima baba yako."