Msanii Asiyejulikana

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani, umeme umekatika, lakini Mwanahawa hakukisikia. Macho yote yalikuwa kwenye simu. Programu ya muziki ilikuwa imejisasisha mchana ikaja na mapambo yake: maneno yanayotembea na wimbo, picha za waimbaji, kila wimbo chini ya jina la mwenyewe. Ila wimbo wa kubembelezea wa marehemu mama yake, ambao Mwanahawa aliurekodi kwa simu hiyo hiyo, haukuonekana.

"Mama, chaji itaisha," alisema Mize, bintiye, aliyerithi jina la bibi yake, wakawa wanaitana somo.

"Ngoja, mwanangu. Sauti ya bibi yako haipo pengine popote."

Akashuka kwenye orodha hadi mwisho kabisa. Palikuwa na sehemu mpya: Msanii Asiyejulikana. Akagusa. Kikaanza kikohozi, kisha sauti ile ile yenye mikwaruzo: "Lala, somo yangu, lala..."

Mwanahawa akacheka, machozi yanamtoka. "Eti hajulikani! Mama angewapasha hawa!"

Sufuria ikafurika, makaa yakachachatika. Mize akaegemeza sikio kwenye simu.

"Mimi namjua, ni somo yangu."